Maiki si adui yako

Neema mwanangu,

Barua yako imefika. Huku hatujambo, baba yako anakusalimu na wadogo zako wanadai zawadi.

Unasema mwalimu wa sauti amewakataza maiki kabisa, kwamba soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu kama wewe, akizoea mashine koo linalala. Na hao jamaa wa studio nao wanakuambia sauti yako ni ya kwaya tu, kwenye rekodi haikai. Kila upande unakuvuta kwake. Basi nikuhadithie habari za Jeanette MacDonald, soprano aliyekuwa nyota wa sinema za nyimbo, maana yeye alivutwa hivyo hivyo miaka mia iliyopita, tena kwa nguvu zaidi.

Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1903. Dada yake Blossom alikuwa mcheza dansi New York, na ndiye aliyemfungulia mlango akaingia kwenye kundi la wasichana wa nyuma, wale wanaocheza na kuitikia huku nyota akiwa mbele. Miaka ya 1920 aliipitisha hivyo kwenye michezo ya nyimbo ya Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho huko New York, akipanda taratibu hadi akapewa nafasi za mbele. Wakati huo huo alikuwa akijifunza sauti kwa mwalimu wake Grace Adele Newell. Mtu wa filamu alipomwona na kutaka kumchukua, wenye mkataba wake wa jukwaani walikataa kumwachia. Lakini jaribio lake la kamera lilibaki, na baadaye likaangukia macho ya mwongozaji Ernst Lubitsch.

Mwaka 1929 akatokea na mwimbaji Mfaransa Maurice Chevalier katika filamu ya The Love Parade. Sinema ilikuwa imeanza kusema juzi tu, na nyimbo zilirekodiwa palepale picha inapopigwa. Okestra inakaa pembeni isionekane, kelele za kamera zinafunikwa zisiingie, na maiki imefichwa mahali. Ukigeuza shingo, sauti imepotea. Ukiirusha noti ya juu kana kwamba unaimbia watu wa viti vya nyuma ukumbini, mashine inakwaruza. Waimbaji wenye sauti kubwa za majukwaani walipata shida sana hapo. Jeanette hakuwa na sauti ya kutikisa paa, lakini alikuwa safi juu, matamshi yake yalisikika neno kwa neno, na alijua kuigiza huku anaimba, tena kwa mzaha. Mwaka uliofuata, katika Monte Carlo, Lubitsch alimweka dirishani mwa treni, wimbo ukaenda na mwendo wa magurudumu, na wakulima mashambani wakaitikia.

Halafu watu wakachoka. Kufikia mwisho wa 1930 studio zilikuwa zimemwaga filamu za nyimbo nyingi mno, na watazamaji wakaanza kuzikwepa. Mwaka 1931 Jeanette akaenda Ulaya kuimba jukwaani, Paris na London. Lile zoezi la jukwaa lilimfaa siku sinema ilipomgeuzia mgongo.

Aliporudi juu, alirudi kweli. Kuanzia Naughty Marietta ya 1935 hadi 1942 alifanya filamu 8 na Nelson Eddy, mwenye sauti ya baritoni, ile ya kiume ya kati. Nyingine hadithi zake ni nyepesi ajabu, mimi huzisubiria nyimbo tu. Kufikia wakati huo mwimbaji alirekodi kwanza, kisha siku ya picha akafuatisha midomo. Filamu ile ya 1935 ilipata tuzo ya Oscar ya urekodi wa sauti, na San Francisco ya 1936 nayo ikapata tuzo hiyo hiyo. Yaani mafundi wa mitambo walipotaka kuonyesha kazi yao, mara mbili soprano ndiye aliyekuwa mbele ya maiki. Hilo wasomee jamaa wa studio.

Hiyo San Francisco itafute. Anacheza binti wa mchungaji anayetafuta kazi ya kuimba mjini, kabla ya tetemeko la 1906. Kwenye klabu ya mhusika anayechezwa na Clark Gable anaimba kwa kuchangamsha walevi, kwenye opera anaimba nafasi ya Marguerite katika Faust ya Gounod, na mwisho, kambini kwa waliookoka, anaimba wimbo wetu ule wa “Karibu na wewe, Mungu wangu”. Msikilize anavyobadilisha pumzi na uzito wa sauti kila mahali, ila koo ni lilelile.

Sasa la mwalimu wako, maana naye ana haki yake. Jeanette alitaka opera ya kweli, isiyo na maiki. Alikuwa nyota wa dunia, anakaribia miaka 40, na bado alirudi darasani. Mei 1943 akaimba nafasi ya Juliette katika opera ya Gounod ya Romeo na Juliet huko Montreal, Kanada, mwimbaji mkubwa wa besi Ezio Pinza akiwa jukwaa moja naye. Mwaka 1944 akaimba opera Chicago, ikiwemo nafasi ya yule Marguerite aliyekuwa amemwigiza kwenye filamu. Claudia Cassidy wa gazeti la Chicago Tribune, mkosoaji aliyeogopwa kwa ukali, alimsifu. Alijifunza pia kwa Lotte Lehmann, mmoja wa masoprano wakubwa wa Ujerumani. Kwenye Metropolitan, jumba kuu la opera la New York, hakuwahi kuimba, na wapo waliosema sauti yake ni ndogo kwa kumbi hizo. Huenda ni kweli. Aliimba hata hivyo, na matamasha akaendelea nayo. Alifariki Houston mwaka 1965.

Kwa hiyo mazoezi ya asubuhi yasiyo na maiki usiyaache, na darasani usimbishie mwalimu. Jumamosi nenda studio. Simama mbali kidogo na maiki kuliko wanavyosimama wenzako wa Bongo Fleva, na noti ya juu ikikaribia rudi nyuma nusu hatua. Wakikuambia haikai, waombe wakusikilizishe walichorekodi, kisha unitumie na mimi.

Nauli nitakutumia Ijumaa.

Mama yako