Kijana hajarogwa wala si muoga

Mhariri, asalaam aleikum,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma. Mpwa wangu ana miaka 19, kwenye kriketi anabowli spini kwa mkono wa kushoto, yaani anamrushia mpigaji mpira unaozunguka, na hapa Tudor wanaocheza kriketi wanamjua. Sasa ni miezi saba mpira haumtoki mkononi. Anaanza hatua zake vizuri tu, akifika pale pa kuuachilia kifundo kinakaza, mpira ama unamuangukia miguuni ama unapita juu ya kichwa cha mpigaji, na akiwa peke yake nyumbani anarusha ukutani bila shida yoyote!

Wazee wakasema kijicho, akasomewa, akanywa kombe, na mimi dua siipingi hata kidogo, namuombea kila sala. Lakini kocha wake alisema ati ni uoga, akambowlisha mipira mia mbele ya wenzake wakimcheka, na hapo ndo kijana aliharibika kabisa sababu kila mpira mbovu ulikuwa unamzidishia hofu ya ule unaofuata.

Hii kitu ina jina jamani, inaitwa yips, wacheza gofu wanaijua sana. Mwaka 2001 pale uwanja wa Lord's, London, fainali kabisa, Scott Boswell wa timu ya Leicestershire ova yake moja, yaani zamu ya kubowli mipira sita, ilikula mipira 14, minane ikiwa waidi, yaani ilipita mbali na mpigaji ikabidi irudiwe, na huyo kriketi ndio kazi yake. Simone Biles naye, yule mcheza jimnastiki wa Marekani, kule Olimpiki ya Tokyo 2021 akiwa hewani akawa hajui mwili wake uko wapi, akajitoa, akaendelea na matibabu ya saikolojia na Paris 2024 akabeba dhahabu tatu.

Kuna wengine shida ni distonia, yaani ubongo unaipa misuli amri mbovu kwenye kile kitendo alichokirudia maelfu ya mara, huyo aanze kwa daktari wa neva. Wengine ni wasiwasi, mtu anaanza kuuchunga mkono ambao zamani ulijifanyia kazi wenyewe, na kuna walio na yote mawili. Ndo maana inatakiwa apimwe, sio kupigiwa kelele.

Sisi tulimpata mama mmoja mtaalamu wa saikolojia, anaongea naye kuhusu ile hofu, halafu wanapanda ngazi pole pole, kwanza anabowli bila mpigaji, kisha mpigaji mmoja, kisha watu wachache wa kutazama, na akili yake iwe kwenye wiketi, vile vijiti anavyovilenga, sio kwenye kifundo. Ametuambia wazi si dawa ya wiki moja na wengine hawarudi walivyokuwa.

Wenye vilabu vya Mombasa, kijana akiumia goti mnamtafutia mtu wa kumkanda siku hiyo hiyo, kwa nini huyu mnamtoa timu?

Jumapili alibowli ova nzima mimi na mamake tukitazama. Miwili iliharibika, minne ikafika.

Mjomba mtu, Tudor, Mombasa