Kapeti limelowa? Tuambie kwanza ni maji gani

Masika yakishika Dar es Salaam, simu zetu nyingi huingia alfajiri, na karibu zote huanza hivi: "Kapeti langu limelowa, mnafua kwa bei gani?" Bei tutakutajia. Ila kabla ya bei tutakuuliza mambo mawili: ni maji gani yameingia, na yameingia lini. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama kapeti litarudi sebuleni au litaishia jalalani, bila kujali ulilinunua kwa shilingi ngapi pale Kariakoo.

Maji ya bomba lililopasuka, au ya simtanki iliyofurika kwa sababu boya limekwama, ni maji safi. Ukiwahi siku hiyohiyo, kapeti hupona vizuri. Maji ya mashine ya kufulia au ya sinki la jikoni yana sabuni, mafuta na mabaki ya chakula, kwa hiyo kulikausha tu hakutoshi, lazima lifuliwe.

Tunayoyaogopa ni maji yaliyoingia kwa mlangoni kutoka mtaroni, au yaliyopanda kutoka kwenye chemba. Nyumba nyingi za jiji hili zinatumia vyoo vya shimo na makaro, na mvua kubwa ikinyesha vyote hivyo hufurika na kuchanganyika na maji ya mtaani. Waliokaa karibu na bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa. Maji hayo hata yakionekana meupe yanaweza kubeba vijidudu vya kuhara, kipindupindu kikiwemo. Zulia jembamba lisilo na sponji tunaweza kulijaribu kwa maji mengi na dawa, bila kukuahidi kitu. Lakini kapeti nene la ukuta kwa ukuta, lenye sponji chini, likishanyonya maji ya chemba hatulipokei. Tutakwambia ulitupe, na hapo kazi tumeikosa. Sponji haifuliki hadi moyoni, na mtoto anayetambaa juu yake hana namna ya kujua.

Swali la pili ni muda. Kwenye unyevu, ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na joto letu la pwani linausaidia. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa nia njema kabisa. Mteja wetu mmoja wa Mbezi bomba lilimpasukia jikoni, maji yakafika sebuleni. Akadeki, akawasha feni siku tatu, manyoya ya juu yakakauka vizuri, akarudisha makochi. Wiki ya pili akatupigia kwa sababu ya harufu. Tulipofunua kona, sponji ilikuwa nyeusi na bado inachuruzika maji, na ubao wa chini ya ukuta umeshavimba. Maji yalikuwa safi, na kapeti lile lingepona kama lingefunuliwa siku ya kwanza. Tulisikitika pamoja naye.

Kwa hiyo usiamini kiganja chako. Weka tishu juu ya kapeti, ikanyage kwa kisigino kwa nguvu, uhesabu hadi kumi. Ikilowa, chini bado kuna maji.

Ukikuta nyumba imejaa maji, anza na umeme. Zima swichi kuu kabla ya kukanyaga, hasa kama soketi ziko chini au kuna ekstensheni sakafuni. Na kama swichi yenyewe iko upande wenye maji, usiifuate, tafuta fundi. Kisha toa makochi na meza. Yale yasiyotoka, yawekee vipande vya nailoni chini ya miguu, maana kutu ya chuma na rangi ya mbao zikishaingia kwenye kapeti lenye maji hazitoki kirahisi. Zulia la kutandika likunje kama mkeka, mlibebe watu wawili au watatu. Msilivute kwa kona moja, kwani lita moja ya maji ni kilo moja, na uzito huo huchana mgongo wa zulia.

Kulikausha nako kuna akili yake. Likilazwa sakafuni halikauki, linahitaji hewa juu na chini, kwa hiyo litandaze juu ya kichanja, au juu ya matofali yaliyopangwa uani. Jua likiwaka, geuza mgongo ndio utazame jua, rangi isipauke. Na mvua ikiwa inaendelea, kufungua madirisha hakusaidii sana kwa sababu hewa ya nje nayo imejaa unyevu. Kama una kiyoyozi, funga madirisha ukiwashe pamoja na feni (umeme ukishathibitishwa kuwa salama), kwani kiyoyozi huvuta unyevu na kuutoa nje.

Tunakuomba sana usimwage klorini. Zulia la sufu (manyoya ya kondoo) huliwa na klorini hadi nyuzi zikakatika, na rangi nyingi hupauka mabaka. Tena ikichanganyika na dawa ya kusafishia choo hutoa gesi inayoumiza mapafu, na chumba kilichofungwa ndicho kibaya zaidi.

Sisi tukifika, kwanza tunavuta maji kwa mashine, halafu tunafunua kona zote nne kabla ya kukutajia bei. Kama si maji ya chemba wala ya mtaroni, sponji iliyoharibika huwa tunaikata na kuweka mpya, kapeti lenyewe likabaki. Ukitupigia, piga picha kabla hujahamisha kitu: moja ya chumba kizima, moja ya mahali maji yalipoingilia, na moja ya mgongo wa kapeti ukiinua kona. Zitume pamoja na saa uliyoyaona maji mara ya kwanza. Kama ni usiku, usisubiri kukuche. Inua hiyo kona, iegemeze juu ya ndoo, hewa ianze kupita chini wakati unatungoja.