Mtambulisheni Simone de Beauvoir kwa kazi zake

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa vitabu ndio ninaoanza nao kila nikinunua gazeti lako, ndiyo maana makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wadhanaishi wa Ufaransa, wale wanafalsafa wa uhuru wa mtu kujichagulia maisha, imeniuma. Jean-Paul Sartre alipewa nusu ukurasa. Albert Camus akapata robo. Simone de Beauvoir, mwandishi na mwanafalsafa mwenzao, akaambulia mistari sita, na maneno ya kwanza kabisa yakawa “mpenzi wa Sartre”. Mistari iliyobaki ilieleza nani alikuwa na nani. Nimeshindwa kunyamaza.

Tuanze na ule mtihani, kwa sababu hata nyinyi mliutaja. Mwaka 1929, katika mtihani mgumu wa taifa wa kuwapata walimu wa falsafa, Sartre alishika nafasi ya kwanza na de Beauvoir ya pili. Watu huishia hapo. Hawasemi kwamba Sartre alikuwa na miaka 24 na alikuwa anarudia, maana mwaka uliotangulia alifeli. Binti huyu alikuwa na miaka 21, ndiyo kwanza anaufanya, na kabla yake hakuna aliyewahi kuufaulu akiwa mdogo hivyo. Nyumbani kwao mali ilikuwa imekwisha. Baba yake aliwaambia yeye na mdogo wake waziwazi kwamba hawataolewa, kwani kule mahari ilitoka kwa wazazi wa mwanamke naye hakuwa nayo; itabidi wafanye kazi. Akafanya kazi. Alifundisha Marseille, Rouen na Paris, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mkaa ulipoadimika, alikwenda kuandika karibu na jiko la mkahawa ili vidole visigande.

Mwaka 1949 akatoa Le Deuxième Sexe, yaani Jinsia ya Pili, juzuu mbili nene. Ya kwanza ilinunuliwa zaidi ya nakala 20,000 katika wiki moja, na mwaka 1956 Vatican ikakitia kitabu hicho kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Humo ndimo ilimo ile sentensi yake maarufu, kwamba mtu hazaliwi mwanamke, bali huwa mwanamke. Wasomi wanabishana juu yake hadi leo. Bibi yangu angeielewa papo hapo. Alikuwa somo, yaani kungwi wa mabinti; aliwaweka wali ndani na kuwafunda: namna ya kukaa, namna ya kutembea, lini uinamishe macho, lini unyamaze. Alijua kwamba mwanamke hutengenezwa, na alijua inachukua siku ngapi. Bibi aliiona kazi hiyo kuwa baraka. De Beauvoir aliuliza nani aliyeyapanga mafundisho, na yanamfaidi nani.

Swali hilo ndilo udhanaishi wake. Wenzake walishikilia kwamba binadamu haji duniani ameshachongwa, hujichonga mwenyewe kwa anayoyachagua. Yeye alikubali, ila akaona jambo ambalo Sartre alilipita haraka. Ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi walivyobishana mwaka 1940, alipomuuliza Sartre: mwanamke aliyefungiwa katika nyumba ya wake wa sultani ana uhuru gani wa kuchagua? Sartre akasema hata huyo anaweza kuipokea hali yake kwa namna tofauti. De Beauvoir hakuridhika, na sehemu kubwa ya alichoandika baadaye ilitoka kwenye kutoridhika huko. Sasa nani alikuwa mwanafunzi wa nani hapo?

Lakini kitabu kilichonifanya nishike kalamu ni kingine, kidogo, cha mwaka 1964. Kinaitwa Une mort très douce, tuseme Kifo Chepesi Sana. Kinahusu mama yake.

Oktoba 1963 alikuwa Roma simu ilipoingia. Mama yake, Françoise, mwenye umri wa miaka 77, ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Alijikokota sakafuni kwa muda wa saa mbili hadi kuifikia simu. Walipompeleka kutibiwa nyonga, madaktari wakakuta saratani ya utumbo. Wakamficha. Aliambiwa tumbo lilikuwa limepata maambukizo, limesafishwa, sasa atapona. Simone na mdogo wake Hélène wakawa wanapokezana kulala kando ya kitanda hadi mwisho, wiki chache baadaye.

Mwandishi anaeleza siku alipouona mwili wa mama yake uchi, shuka lilipofunuliwa, akageuza uso, na akashangaa mshtuko huo ulivyomwingia, yeye aliyekuwa na miaka 55 na ameandika kurasa nyingi juu ya mwili. Usiku alimsimulia Sartre jinsi mdomo wa mama ulivyokuwa, akalia bila kujizuia. Sartre akamwambia kwamba mdomo wake mwenyewe haumtii tena, ameuvaa mdomo wa mama yake. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwanza.

Mama yangu alilazwa miaka kadhaa iliyopita. Daktari alituita koridoni, mimi na dada yangu, akatuambia, nasi tukakubaliana kumwambia mama ni vidonda vya tumbo. Kila asubuhi nilimpelekea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alikuwa akinywa vijiko vitatu, anasukuma kikombe, anasema, “Huu ulezi wa dukani una mchanga. Nikipona nitachagua mwenyewe.” Nami nikaitikia, “Ndiyo mama, ukipona.” Nilisema hivyo siku kumi na tisa. Siku moja aliniangalia muda mrefu, akauliza, “Mwanangu, hivi vidonda ndivyo vinavyokondesha hivi?” Nikainuka kwenda kusuuza kikombe.

Kitabu hicho nilikisoma baada ya arobaini ya mama, kwa Kiingereza. De Beauvoir hajitetei wala hawalaumu madaktari peke yao. Anaandika kwamba wakati mama yake alipohitaji kuitoa hofu yake kwa maneno, wao walimhukumu kunyamaza. Kisha anasema hakuna kifo cha kawaida. Hata mzee wa miaka mingapi hafi kwa uzee, hufa kwa kitu fulani, na kwake yeye mwenyewe kifo kinakuja kama ajali. Nilifarijiwa na sheikh, nikafarijiwa na majirani, na nawashukuru wote. Lakini aliyeniambia nilichokifanya pale kitandani ni mwanamke huyu wa Paris, asiyeamini hata Mungu.

Na hakuacha hapo. Mwaka 1970 akatoa kitabu kizima juu ya uzee, La Vieillesse, akionyesha jinsi jamii inavyowasifu wazee mdomoni na kuwatupa kama vyombo vichakavu. Sisi nasi husema penye wazee haliharibiki neno. Nendeni mkaone foleni ya pensheni. Mwaka 1981 akaieleza miaka kumi ya mwisho ya Sartre, upofu na mwili kukataa amri, kwa ukweli uleule, na wengi walimkasirikia. Kabla ya hayo, Juni 1960, aliandika katika Le Monde, gazeti la Paris, juu ya Djamila Boupacha, binti wa Algeria aliyeteswa na askari wa Ufaransa, na gazeti hilo likakamatwa kule Algiers.

Simtakasi. Mwaka 1943 aliondolewa kazini baada ya mama wa mwanafunzi wake mmoja kulalamika juu ya uhusiano wake na binti huyo, na Bianca Lamblin, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliandika mwaka 1993 jinsi de Beauvoir na Sartre walivyomtumia kisha wakamwacha. Mwalimu kumfanyia hivyo mwanafunzi ni dhuluma. Nimefundisha miaka 31 na sina neno jepesi la kuliita. Yaandikwe. Makala yenu haikuyataja hata hayo. Ilichukua mapenzi yaliyo matamu kusimulia, ikaacha mabaya yake, ikaacha na vitabu.

Amezikwa kwenye makaburi ya Montparnasse, Paris, kaburi moja na Sartre, aliyemtangulia kwa miaka sita kasoro siku moja. Jiwe lina majina mawili na miaka yao, halisemi nani alikuwa wa nani.

Naomba mtoe nusu ukurasa juu yake, sawa na mliompa mwenzake, na mwanzo wake uwe vitabu. Kama hakuna wa kuandika, nitaandika mimi kuhusu kile cha mama yake. Ninacho hapa mezani, na kurasa nilizozikunja bado zimekunjwa.

Mwalimu mstaafu,
Tanga