Pua yangu ilikufa, daktari akacheka

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Mwaka 2021 niliugua UVIKO-19. Homa iliisha baada ya wiki, kunusa hakukurudi. Nilipomweleza daktari alicheka: "Shukuru Mungu, mama, unapumua."

Nashukuru. Ila miezi mitatu baadaye nilipakua mchuzi wa nazi uliochacha kwenye arobaini ya watu. Niliuonja, uchachu nikadhani ni wa ndimu. Aibu ile sijaisahau. Wateja wakapungua, nami nikajifungia ndani. Nilikuwa naoga mara tatu kwa siku nikihofia nanuka na mwenyewe sijui, na kwenye daladala nilijibana dirishani. Nilikonda, usiku nikawa nalia bila sababu.

Mpwa wangu muuguzi ndiye aliyenielewa. Alisema harufu ikitoka puani ina njia ya mkato hadi sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya wengi waliopoteza kunusa kupata sonona. Tena kwa wazee, kunusa kukififia bila mafua kunaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, miaka kadhaa kabla mikono haijaanza kutetemeka. Hilo nalo la kuchekwa?

Akanifundisha mazoezi ambayo Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, na wenzake waliyatolea utafiti mwaka 2009: waridi, limau, mkaratusi na karafuu, unanusa kimoja kimoja asubuhi na jioni kwa wiki 12. Karafuu, jamani! Zimejaa kabatini kwangu, habari zake naletewa kutoka Ujerumani. Si kila mtu hupona. Mimi mwezi wa tano wa mazoezi nilianza kupata kitu, kahawa ikanuka mpira unaoungua. Nilifurahi hivyo hivyo.

Sasa tunahimizwa kupikia gesi. Gesi ile kwa asili haina harufu. Hutiwa harufu makusudi ili ikivuja tuinuse. Mwaka jana nilishika kiberiti, mjukuu wangu akanirukia mkono: "Bibi, gesi!" Mpira wa mtungi ulikuwa umepasuka.

Naomba zahanati ziwe zinatuuliza habari ya kunusa kama zinavyotupima presha. Na wauza mitungi watuletee kengele za kugundua gesi inayovuja, kwa bei ya mama lishe.

Mpishi wa shughuli,
Ngamiani, Tanga