Malalamiko kuhusu ethi ya pampu na viyoyozi, Malindi

Kamati ya Matengenezo,
Nyumba za Kupangisha,
Malindi.

Kwa Meneja wa Kazi,
Kampuni iliyofunga umeme wa jengo letu.

Kwa Bwana/Bi. Meneja,

KUH: FLEKSIBO ZISIZO NA WAYA WA ETHI

Tunataka mrudi mfunge upya ethi (njia ya usalama ya kuondolea umeme wa hitilafu) ya pampu ya kisima na ya viyoyozi vitatu vya paani. Kazi mliyotukabidhi ni ya hatari, na pampu tumeizima.

Ndani ya fleksibo ya pampu, yaani paipu ya chuma inayopindika, mna nyaya mbili tu, laivu (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha). Waya wa ethi, wa kijani na manjano, umeishia kwenye swichi ya ukutani, mita 4 kabla ya mota. Fundi wenu aliiachia paipu yenyewe kazi ya ethi.

Fleksibo ni ukanda mwembamba wa chuma uliozungushwa, pindo likishika pindo. Umeme wa hitilafu ama uufuate ukanda mzunguko kwa mzunguko, ama upite kwenye mapindo, na mapindo yakila kutu ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unapanda. Kwa hewa ya chumvi ya hapa, kutu haichelewi. Mita 4 za shaba ya milimita 2.5 za mraba zingesoma ukinzani wa karibu omu 0.03. Kati ya kasha la mota na teminali ya ethi ya swichi tulisoma omu 2 hadi 9, na namba ilibadilika kila paipu ilipotikiswa. Pampu ikiwaka huitikisa muda wote.

Breka (swichi inayojikata mkondo ukizidi) mliyoweka ni ya ampea 20, aina C. Ili ikate papo hapo bila shaka inataka ampea 200, maana yake kwa volti 240 njia nzima ya hitilafu isizidi omu 1.2. Paipu ikiwa na omu 5 peke yake, mkondo haufiki hata ampea 48. Breka inaweza kukaa sekunde nyingi bila kukata, na muda huo wote kasha la pampu lina umeme, mahali ambapo watu husimama kwenye maji wakichota. Fimbo ya ethi haitoshi, kwa kuwa mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida. Na kinga ya uvujaji ya miliampea 30 (RCD, inayokata umeme unapovuja) mmeiweka kwa soketi tu.

Msimamizi wenu alisema Marekani inaruhusu fleksibo iwe njia ya ethi. Inaruhusu kwa masharti: jumla ya fleksibo isizidi mita 1.8, saketi isizidi ampea 20, viungio viwe vya kuidhinishwa, na paipu ikiwekwa kwa sababu mashine inatikisika, waya wa ethi ni lazima. Yetu imeshindwa kwa urefu na kwa mtikiso. BS 7671, kanuni za ufungaji umeme za Uingereza, haikubali kabisa fleksibo iwe njia ya ethi.

Kwenye kiyoyozi kimoja waya upo, lakini mmeuviringa nje ya paipu, ukaongezeka urefu na kubaki wazi kwa jua na kugongwa. Lagi yake (kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya) imefungwa juu ya rangi, kwa skrubu ya kifuniko. Atakayefungua kifuniko kesho atakuwa ameikata ethi bila kujua.

Pitisheni waya wa ethi wa shaba ndani ya paipu pamoja na laivu na nyutro, unene sawa na laivu. Kila ncha ibanwe lagi ya shaba iliyopakwa bati, ifungwe kwa bolti yake yenyewe ya chuma kisichoshika kutu, pamoja na washa ya meno, rangi ikiwa imekwanguliwa hadi chuma. Paipu nayo ni chuma, hivyo nayo iunganishwe na ethi: gilandi (kiungio cha kushikia paipu kwenye boksi) ya shaba nyeupe kila upande, washa ya ethi, na waya mfupi hadi teminali ya boksi. Fleksibo tupu zibadilishwe ziwe zilizovikwa PVC. Saketi zote nne zipewe kinga ya miliampea 30.

Kabla ya kuwasha tutasimama nanyi mkipima mwendelezo wa ethi, insulesheni kwa volti 500 (isipungue megaomu 1), na kinga kukata ndani ya milisekunde 300. Tunataka vipimo hivyo kwa maandishi, vikiwa na sahihi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati ya Kenya.

Awamu ya mwisho ya malipo tumeizuia hadi hapo. Tujulisheni kwa maandishi siku mtakayokuja, ili wapangaji waandae maji.

Wenu waaminifu,
Kamati ya Matengenezo