Neno lililoanzia shingoni

Tanga, 9 Novemba

Mpendwa Rehema,

Barua yako imenifikia. Huku hatujambo, mvua za vuli zimeanza. Uliniuliza neno moja tu la Kiingereza, tawdry, namna ya kulitafsiri kwenye sentensi yako ya sebule ya hoteli, nalo limeninyima usingizi siku mbili.

Tawdry hutamkwa "todri". Husemwa juu ya kitu kilichorembwa mno, kinametameta, lakini ukikishika unajua hakina thamani. Fikiria mkufu wa dhahabu bandia unaoacha rangi ya kijani shingoni. Na neno lenyewe limeanzia shingoni mwa mtu!

Karne ya 7 huko Uingereza alikuwepo malkia Etheldreda. Aliacha ufalme akawa mtawa, na mwaka 673 akaanzisha monasteri mjini Ely, mashariki mwa Uingereza. Alifariki mwaka 679 akiwa na uvimbe shingoni. Mtawa Beda, aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 731, anasimulia kwamba mama huyo aliyapokea maumivu yale kwa furaha. Alisema ujanani aliilemeza shingo yake kwa mikufu isiyo na haja, na sasa uvimbe umekaa mahali pa dhahabu na lulu.

Watu wakalifupisha jina lake likawa Audrey. Ely pakawa na gulio la kila mwaka kwa heshima yake, na wanawake wakinunua tepe za hariri za kuvaa shingoni, zikiitwa za Saint Audrey, yaani Mtakatifu Audrey. Ulimi ukikimbia, ile t ya mwisho ya Saint ikahamia kwenye jina, ikawa tawdry. Nasi tulifanya jambo la jirani na hilo: tuliipokea kitab ya Waarabu, tukadhani ki- ni yetu, tukapata vitabu. Basi tepe zikaanza kuuzwa za ovyo, na kabla karne ya 17 haijaisha neno likawa sifa ya kila takataka inayong'aa.

Rehema, hilo linaniuma. Mwanamke aliyejutia mikufu yake hadi kitandani pa mauti, jina lake ndilo wamelibandika kwenye vito vya bandia.

Kwenye ile sentensi yako ya sebule ya hoteli, usiandike "rahisi". Kitu rahisi chaweza kuwa safi na cha heshima. Mimi ningeandika "mapambo ya kumetameta yasiyo na thamani". Ni marefu, najua. Ukipata fupi kuliko hayo, niandikie upesi.

Msalimie mama.

Wako,
Mwanaidi