Meza iliyobaki tupu nje ya dirisha la dawa

Mhariri,

Kila Juni Waziri wa Fedha huenda bungeni na mkoba wake, nasi mtaani tunasikia mabilioni yakitajwa redioni kama jamaa wa mbali ambao hatujawahi kuwaona. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kayole. Bajeti ya afya mimi naijua kwa sura ya mama mmoja aliyekuwa akikaa kwenye meza ndogo ya mbao, nje ya dirisha la dawa, katika kituo anakotibiwa mdogo wangu. Mezani alikuwa na daftari la mistari, kalamu iliyofungwa uzi, na simu ya mulika mwizi.

Kazi yake ilikuwa kupiga simu. Ukikosa siku yako ya kliniki, jioni anakutafuta. Hasemi anapiga kutoka wapi, maana anajua simu huenda ikapokelewa na mume au mama mkwe. Anasema tu, "Dada, nguo yako iko tayari, uje uichukue." Mdogo wangu alikuwa akicheka sana, kwa sababu fundi wa nguo ni mimi.

Mdogo wangu anaishi na virusi vya Ukimwi na anameza dawa bila kukosa. Mkebe wa vidonge hulia mkobani mtu akitembea, kwa hiyo huutia pamba. Kituo chenyewe tulikichagua mtaa mwingine makusudi, kwani hapa karibu majirani wanajua kila mtu anapanga foleni gani na kwa nini.

Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, meza ile ilibaki tupu. Mama yule alikuwa akilipwa na mradi, na mradi ulilipwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa 2003 enzi za Rais George W. Bush. Dawa zilikuwa bado zipo stoo. Walioondoka kwanza ni watu: mpiga simu, karani wa mafaili, na yule kijana aliyekuwa akiwatia moyo wagonjwa wapya. Katika hotuba watu hao huitwa gharama za usimamizi. Kwa mgonjwa, wao ndio kliniki yenyewe.

Kisha dawa zikaanza kutolewa kwa kipimo. Zamani mdogo wangu alipewa za miezi 3 kwa mpigo. Siku hizi anapewa za mwezi mmoja, na mara moja alipewa za wiki mbili. Mtu anaweza kusema dawa si anapata, analalamika nini? Anafua nguo kwenye nyumba za watu Donholm, na analipwa kwa siku. Siku ya kliniki anatoka kabla ya jua, anarudi saa nane mchana, na siku hiyo haina pesa. Aliyekuwa akiomba ruhusa mara nne kwa mwaka sasa anaomba kila mwezi, na mwajiri ameanza kumuuliza ana ugonjwa gani. Siri aliyoitunza kwa pamba miaka yote hiyo inataka kutobolewa na ratiba ya dawa.

Viongozi wetu wakiulizwa haya wana methali yao tayari: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Ni kweli, ila aliyetegemea ni Hazina Kuu, na anayetishiwa kufa ni mfua nguo. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikubaliana kule Abuja kwamba kila serikali itenge angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Kenya ilikuwepo, na hadi leo hatujafika hapo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo ukiuliza kaunti utaambiwa wizara, na ukiuliza wizara utaambiwa kaunti.

Ndipo tuje kwenye neno bure. Chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, aliyejisajili hatakiwi kulipa chochote kwenye zahanati na vituo vya afya. Mdogo wangu alipougua kifua alionwa bure kweli, kisha akapewa karatasi akanunue dawa nje. Duka la dawa halikuuliza kama amejisajili.

Anayedhani ada ndogo haimzuii mgonjwa akumbuke yaliyotokea hapa hapa Nairobi. Mwishoni mwa 1989 serikali ilianza kutoza ada kwenye hospitali zake. Katika kituo cha rufaa cha magonjwa ya zinaa jijini, watafiti walihesabu wagonjwa. Katika miezi 9 ya ada, wanaume waliofika kwa mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Ada ikaondolewa. Wanawake walirudi, lakini wanaume wengi hawakurudi. Sidhani walikuwa wamepona, na ugonjwa wa zinaa, kama tujuavyo, haukai kwa mtu mmoja.

Nimeambiwa wahudumu wa afya ya jamii, wale walioahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, ndio watakaoziba pengo hili. Nawaheshimu. Wanazunguka nyumba kwa nyumba jua likiwaka, na posho yenyewe wakati mwingine huchelewa. Lakini ni majirani zetu. Mdogo wangu hapandi matatu mbili kumkwepa jirani ili jirani huyo huyo aje kumbishia hodi na kumuuliza kama amemeza dawa.

Ninachoomba si kikubwa. Kaunti imwajiri mtu wa meza ile, kwenye orodha yake ya mishahara, si ya mradi. Na dawa zikiwepo stoo, anayezimeza bila kukosa apewe za miezi 3.

Wiki iliyopita nilimkuta yule mama sokoni, anauza nyanya. Simu yake ni ile ile. Aliinama kana kwamba ananichagulia zilizoiva, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, yule dada bado anachukua nguo zake?" Nikamwambia anachukua. Sikumwambia kwamba mwezi uliotangulia alikaa siku 9 bila dawa, na hakuna aliyempigia.

Fundi wa nguo,
Kayole, Nairobi